Bomba la Picha

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina, si kwa uoga, bali kwa adabu. Viongozi wake ni watu wenye haya sana. Hawapendi kusifiwa hadharani, isipokuwa kwenye redio, televisheni, magazeti, kanga na vitabu vya shule.

Katika nchi hiyo ipo Wizara ya Maji na Matumaini. Zamani ilikuwa Wizara ya Maji tu, lakini wataalamu waliona ni haki kuongeza neno la pili, kwa kuwa ndilo lililokuwa likipatikana. Mwaka ninaouzungumzia wananchi walizidi kulalamika kwamba mabomba yamekauka, na Waziri, Mheshimiwa Dokta Kasiani Lugome, hakuwapuuza. Aliunda tume. Tume ikazunguka nchi nzima ikinywa maji ya chupa, kisha ikarudi na jibu ambalo hakuna mtu aliyelitarajia: tatizo la nchi si maji. Tatizo ni kwamba wananchi hawayaoni.

"Na mtu asipoona kitu," Waziri aliwaambia waandishi wa habari, huku glasi yake ikijazwa, "hudhani hakipo. Serikali yenu sikivu itawaonyesha."

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa kampeni ya Maji Yapo.

Kazi ilipewa kampuni ya matangazo iitwayo Sura Njema, mali ya Bwana Twalibu Makoye, mtu mpole ambaye hajawahi kumkatalia mteja jambo lolote tangu afungue ofisi. Bwana Twalibu alimkabidhi kampeni hiyo mkurugenzi wake wa sanaa, Mwashamba Kilindo.

Kwa wasioijua kazi ya mkurugenzi wa sanaa, niieleze kidogo. Kwenye tangazo yupo anayeandika maneno, yupo anayepiga picha, na yupo anayelipa. Mkurugenzi wa sanaa ndiye anayeamua mtazamaji aone nini, na akione kabla ya nini: rangi gani itawale, sura ya nani itumike, mwanga utoke upande upi, na ile ndoo iliyovunjika kule nyuma ibaki au iondolewe. Akiifanya kazi yake vizuri, hakuna anayejua kwamba imefanyika. Watu husema tu, "Ile sabuni nimeipenda bure." Mwashamba ndiye aliyeifanya nchi nzima iipende sabuni moja isiyotoa povu, kwa kuonyesha shuka jeupe likipepea juani na paka amelala chini yake. Paka yule alipokea barua nyingi kuliko wabunge kadhaa.

Pale wizarani hapakuwa na mtu aliyejua haya. Walisikia neno "mkurugenzi", wakasimama.

"Karibu sana Mkurugenzi," alisema katibu wa Waziri, akamsogezea kiti cha ngozi. Bwana Twalibu, ambaye kadi yake iliandikwa "mmiliki" tu, alipewa kiti cha plastiki karibu na mlango.

Mwashamba alitandaza mchoro wake mezani. Ulikuwa mchoro mtulivu: mkono wa mama umeshika glasi ya maji safi, na nyuma yake bomba la mtaani linatiririka. Chini yake, maneno mawili: Maji Yapo.

Waziri aliinama, akatazama kwa muda mrefu. "Maji yenyewe yako wapi?"

"Ndani ya glasi, Mheshimiwa."

"Mbona hayaonekani?"

"Ni maji safi, Mheshimiwa. Ndivyo yalivyo."

"Hapo ndipo tatizo lenyewe lilipo!" Waziri alipiga meza. "Tume imesema wananchi hawayaoni, na wewe unaniletea maji yasiyoonekana. Yatiwe rangi. Ya bluu."

Katibu alisogea akamnong'oneza Waziri sikioni, lakini kwa sauti ya kutosha wote wakasikia, kwamba bluu ni rangi ya chama cha upinzani. Mtu mmoja akapendekeza kijani. Mwingine akasema kijani itawakumbusha wananchi maji wanayokunywa sasa. Baada ya majadiliano marefu na chai, ilikubaliwa kwa kauli moja kwamba maji yabaki na rangi ya maji, na katibu akaandika kuwa huo ni ubunifu wa wizara.

"Halafu," Waziri akasema kwa sauti ya unyenyekevu, "uso wangu mtauweka wapi? Nilifikiria ndani ya tone."

Bwana Twalibu alikuwa ameshaanza kuitikia kwa kichwa. Mwashamba akamwahi.

"Mheshimiwa, jicho la mtazamaji hutua mahali pamoja kwanza. Likitua kwenye uso wako, halitaondoka tena. Hakuna atakayeyaona maji."

Waziri alifikiri. "Ni kweli," alisema kwa masikitiko. "Tatizo hilo nimelipata hata bungeni."

*

Mahali pa kupigia picha palichaguliwa mtaa uitwao Kaukeni. Kwa nini waasisi wake waliuita hivyo, wanahistoria wetu bado wanabishana. Una njia nyembamba, kuta za udongo zenye rangi nzuri ya asubuhi, na katikati kuna bomba la umma lililozinduliwa na mawaziri watatu kwa nyakati tofauti. Siku Mwashamba alipofika alikuta mbuzi amefungwa kwenye bomba hilo. Wakazi walikuwa wakichota maji kwenye dimbwi nyuma ya machinjio, wakiyachuja kwa vitenge.

Wizara ilileta boza la maji, gari lenye tenki mgongoni. Mafundi walipitisha mpira nyuma ya ukuta wakauunganisha na lile bomba, ili likifunguliwa maji yatoke kama yanatoka ardhini. Mbuzi akahamishwa. Kisha akatafutwa mama wa kushika glasi.

Wasichana wazuri waliletwa kutoka mjini, lakini Mwashamba aliwatazama mikono akatikisa kichwa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mkono uliowahi kubeba ndoo. Alizunguka mtaani mwenyewe, akamkuta Bi Nyamizi, mwanamke wa makamo anayechemsha mihogo na kuiuza barazani kwake. Mgongoni alimbeba mjukuu wa kike, mtoto mwembamba mwenye macho makubwa.

"Mama, naomba nikupige picha," Mwashamba alisema. "Ushike glasi ya maji, utabasamu."

"Nitabasamu nini?"

"Kwamba maji yapo."

Bi Nyamizi alilitazama bomba, akamtazama na yeye. "Mwanangu, na wewe mtu mzima namna hiyo."

Lakini alikubali, kwa sababu mjukuu alikuwa anaharisha tangu wiki iliyopita, na aliona ndani ya boza kuna maji meupe.

Mpigapicha akajiandaa. Koki ikafunguliwa. Maji yakatoka. Bi Nyamizi akashika glasi, majirani wakapangwa nyuma yake na ndoo zao, kila mmoja akaambiwa acheke. Walicheka vizuri tu. Picha zikapigwa mpaka jua likawa kali.

Kazi ilipokwisha, dereva wa boza alizungusha mpira wake na kuwasha gari. Majirani walikuwa bado wamesimama na ndoo.

"Haya yaliyobaki yanakwenda wapi?" Bi Nyamizi akauliza.

"Yanarudi wizarani, mama," dereva akajibu kwa upole. "Ni vifaa vya kampeni. Yanamwagiwa majani pale mbele."

Bi Nyamizi hakugombana naye. Aliinua glasi aliyokuwa ameshikilia kwenye picha, iliyokuwa na maji bado, akamgeukia Mwashamba. "Na hii pia ni kifaa?"

"Hapana, mama," Mwashamba alisema haraka. "Hiyo ni yako."

Bi Nyamizi akamteremsha mjukuu, akamnywesha kidogo kidogo, akikinga mkono chini ya kidevu ili lisidondoke hata tone. Mwashamba alitaka kumwambia mpigapicha ainue kamera. Hakusema. Siku ile, kwa mara ya kwanza katika kazi yake, aliona kitu kizuri akashindwa kukiagiza.

*

Ofisini alizipanga zile picha ukutani, akazitazama moja baada ya nyingine. Mwanga ulikuwa sawa. Rangi zilikuwa sawa. Lakini katika kila picha, watu wote waliokuwa wakicheka walikuwa wanatazama pembeni, nje ya picha, upande mmoja.

"Wanatazama nini hawa?" Waziri aliuliza alipoonyeshwa.

"Boza, Mheshimiwa. Wanaogopa lisije likaondoka."

"Waambieni walitazame bomba."

"Tuliwaambia. Wanalitazama kidogo, halafu macho yanarudi. Mtu yeyote akiona bango hili atajua maji yanatoka kwenye gari."

Bwana Twalibu alikohoa. "Mheshimiwa, kompyuta inaweza kuwageuza macho."

Waziri alionekana kupendezwa, na hapo Mwashamba angeweza kunyamaza, mambo yakaisha. Macho yangegeuzwa, mabango yangepanda, na yeye angerudi kwenye sabuni. Lakini alikuwa bado anauona ule mkono uliokinga kidevu cha mtoto.

"Yatageuzwa, lakini hayataamini," alisema. "Watu hujua, Mheshimiwa. Mimi ndiye mkurugenzi, na siwezi kuweka jina la wizara chini ya picha ya uongo unaoonekana. Inabidi watu wale waone maji yanayotoka chini, tena kwa nguvu. Nahitaji bomba."

"Bomba si lipo?"

"Lenye maji."

Katika wizara ile hapakuwahi kutolewa ombi la ajabu kama hilo. Hatimaye Waziri akasema fungu la mabomba lilikwisha zamani, ila fungu la matangazo lilikuwa limejaa hadi linawatia wasiwasi, na kama bomba ni sehemu ya tangazo, basi waulizwe wataalamu.

Mtaalamu alikuwa Injinia Mathayo Chilonga, ambaye ofisi yake ilikuwa chini ya ngazi. Mwashamba alimkuta amelala kwenye kiti, ukutani kukiwa na ramani iliyopauka ya bomba la kutoka kwenye tenki la mlimani hadi Kaukeni. Ramani hiyo aliichora akiwa kijana mwenye nywele.

"Nahitaji bomba hadi Kaukeni," Mwashamba alisema.

"Dada, lete maombi, yatapita kwenye kamati, kamati ikikaa..."

"Si bomba la maji. Ni bomba la picha."

Injinia akafumbua macho yote mawili. "Tofauti yake?"

"La picha halihitaji kibali."

Injinia Mathayo alisimama, akaibandua ramani yake ukutani kwa uangalifu, misumari ikimdondokea viatuni. "Linaanza lini?" akauliza.

*

Kilichofuata ni mazungumzo ya kitaalamu kati ya Waziri na mkurugenzi wa sanaa, ambayo naamini yatakuja kufundishwa vyuoni.

Waziri aliuliza kwa nini bomba litoke mlimani, wakati nyuma ya ukuta pangetosha pipa. Mwashamba akasema maji yanayoshuka mlimani yana msukumo, na msukumo ndio unaoyapa mng'ao. Pipa halina mng'ao.

Waziri aliuliza kwa nini mabomba yachimbiwe chini, ilhali kamera haioni chini.

"Yakikaa juu, Mheshimiwa, watu watajua yamewekwa jana. Tukiyazika itaonekana yalikuwepo siku zote."

"Siku zote!" Waziri akamgeukia katibu. "Liandike hilo."

Aliuliza tena kwa nini mchoro mpya una koki katika kila kona ya mtaa, hata uchochoroni.

"Ni kwa ajili ya kina. Jicho likimaliza kuliona bomba la mbele, linatafuta cha kutazama nyuma. Likikuta kavu, linashtuka."

"Jicho lisishtuke," Waziri aliamuru.

Kila siku Bwana Twalibu alimvuta Mwashamba pembeni. "Utatufungisha, dada. Mimi nina familia."

"Wao pia, bosi."

"Wao hawajasaini mkataba!"

Alikuwa na haki ya kuogopa. Mwashamba mwenyewe aliogopa. Usiku hakupata usingizi mzuri. Lakini mitaro ilichimbwa. Vijana wa Kaukeni walichimba bila kusimamiwa, wakiitwa katika makaratasi yote "wasaidizi wa mandhari".

*

Siku ya kupiga picha Waziri alikuja mwenyewe na kukaa chini ya mwavuli. Koki zote zilikuwa zimefungwa. Mwashamba alimweka Bi Nyamizi mbele ya bomba kubwa, mjukuu kiunoni, akarudi nyuma ya kamera.

"Tabasamu nimeshalisahau lilivyokuwa," Bi Nyamizi alisema.

"Usitabasamu, mama. Fungua tu."

Alifungua. Kwanza ilisikika pumzi, kama mtu mzima anayeamka. Yakatoka maji mekundu ya kutu, yakakohoa, yakasimama. Watu wakaguna. Injinia Mathayo alishika kichwa. Halafu bomba likatikisika, na maji yakaja meupe, mazito, yakipiga ardhi kwa kishindo, yakamlowesha Bi Nyamizi kuanzia miguuni hadi kifuani.

Hakuna aliyecheka kama walivyofundishwa. Bi Nyamizi alitupa glasi ya kampeni, akaweka kiganja chini ya maji, akakilamba. Kisha akageuka akapiga kelele hadi mishipa ya shingo ikamtoka: "Leteni ndoo! Mnasubiri nini? Leteni ndoo!" Mjukuu, aliyeloa kichwa, alikuwa amefungua mdomo wote akishangaa. Nyuma yao, kona kwa kona, watu walifungua koki zao wakapiga ukelele mmoja baada ya mwingine, na hapakuwa na jicho hata moja lililotazama pembeni.

Mpigapicha alipiga. Mwashamba hakumwelekeza kitu. Alikuwa amefunika uso kwa viganja.

"Mbona hatabasamu?" Waziri aliuliza kutoka chini ya mwavuli. "Na glasi imekwenda wapi?"

Hata hivyo, bango lilipopanda barabarani, nchi nzima ilisimama kulitazama. Madereva waligongana chini yake. Wageni kutoka nje walisema ni tangazo bora kuliko yote waliyowahi kuona, na Waziri akapokea tuzo ya ubunifu kwa niaba ya maji.

*

Baada ya tuzo, wizara ilifanya kilicho sahihi kwa mujibu wa taratibu: iliagiza mandhari ya tangazo ibomolewe na vifaa virudishwe ghalani.

Lori lilifika Kaukeni asubuhi likiwa na mafundi na sururu. Likakuta wanawake wamekaa juu ya mtaro uliofukiwa, kuanzia bomba la kwanza hadi mwisho wa mtaa, wanaosha vyombo. Bi Nyamizi alikuwa amekaa mbele kabisa, anamenya mihogo.

"Mama, tupishe," msimamizi alisema. "Hivi si vya kwenu. Ni vya picha."

"Na mimi ni wa picha," Bi Nyamizi akajibu. "Niko kwenye bango. Nichimbue na mimi."

Msimamizi aliona heri polisi waitwe. Mtu mmoja akampigia Mwashamba, naye hakwenda Kaukeni. Alikwenda wizarani, akampita katibu bila kubisha hodi, kwa kuwa alikuwa mkurugenzi.

"Mheshimiwa, umeagiza mandhari ibomolewe."

"Utaratibu, Mkurugenzi. Kampeni ikiisha, vifaa vinarudi."

"Kwa hiyo kampeni imekwisha?"

"Imekwisha kwa mafanikio makubwa."

"Basi itabidi tuwatangazie wananchi." Alichukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa nene, za aina anayoitumia kwenye mabango, akaigeuza Waziri aione. Iliandikwa: MAJI YAPO IMEKWISHA.

Waziri aliisoma. Akaisoma tena. "Hii haitaonekana vizuri."

"Jicho litatua kwenye neno la mwisho, Mheshimiwa."

"Na magazeti?"

"Yatatua hapohapo."

Waziri Lugome alisimama akaenda dirishani. Alikuwa kiongozi mwenye maono, na siku ile aliyaona yote. Simu ikapigwa, lori likarudi. Jioni ikatolewa taarifa kwamba kampeni ya Maji Yapo haina mwisho, kwamba wakazi wote wa Kaukeni ni waigizaji wa kudumu wa serikali, na kwamba kila anayechota maji pale, kunywa, kupika au kumwogesha mtoto, anafanya hivyo katika kutekeleza wajibu wake wa kisanaa. Bi Nyamizi aliteuliwa mwigizaji mwandamizi. Mpaka leo huigiza kutwa mara nyingi, na mjukuu wake amenenepa kwa kuigiza.

Bwana Twalibu alimwita Mwashamba ili amfukuze kazi, lakini alipofungua mlango kuangalia kama wafanyakazi wengine wanasikia, alikuta veranda imejaa watu. Walikuwa wazee na kina mama wenye vumbi la safari ndefu, wamevaa nguo zao za sikukuu.

"Tunamtafuta mkurugenzi wa picha," alisema bibi mmoja aliyewatangulia.

Mwashamba akatoka. "Ni mimi, mama. Mmetoka wapi?"

"Ng'ambo ya Mto Luwembe, kusiko na daraja. Mvua ikinyesha watoto hawaendi shule, na mwaka jana mto ulituchukulia wawili." Bibi alinyoosha kanga yake mabegani. "Tunataka na sisi mje mtupige picha."

"Picha ya namna gani?"

Bibi aliwageukia wenzake, wakashauriana kwa minong'ono, kisha akarudi na jibu lao.

"Yoyote, mwanangu. Ila kamera isimame kwetu, na Waziri aje kuiangalia na gari lake."